Kuficha mwanga wakati wa vita: mwongozo kwa nyumba na mitaa ya Kigoma

Kabla hujanunua hata mita moja ya kitambaa, fanya jaribio la mchana. Jua likiwa kali, ingia ndani, funga milango, ziba madirisha kwa mablanketi, kisha kaa dakika kumi mpaka macho yazoee giza. Kila tundu ambalo jua linachungulia kuingia, usiku taa itachungulia kutoka humo humo. Shika chaki uweke alama kila mahali unapoona weupe.

Nyumba nyingi za huku kwetu, alama hizo hazitakuwa madirishani. Zitakuwa juu, pale ukuta unapoishia na bati kuanza; kwenye vitofali vya matundu ya hewa vilivyo juu ya linta; kwenye matobo ya misumari ya bati kuukuu; chini ya mlango; na pembeni mwa fremu, pale plasta ilipoachana na mbao. Ndiyo sababu mtu anaweza kutundika pazia zito kama godoro na bado nyumba yake ikaonekana kutoka mtaa wa pili. Mwanga haujali unene wa pazia. Unapita palipo na mwanya.

Kwa Kigoma kazi hii ina uzito wake kwa sababu ya sura ya mji. Nyumba zimepanda mteremko zikitazama ziwa, na bandari, stesheni na maghala vyote viko pamoja chini ghubani. Anayetafuta shabaha kutoka angani hatafuti chumba chako cha kulala. Anatafuta bandari na reli, ila safu za taa za mlimani ndizo zinazomwonyesha ghuba iko wapi. Mji huu umewahi kupigwa kutoka angani mapema sana: katikati ya 1916 ndege za majini za Wabelgiji, zilizotoka ng'ambo ya Kongo, ziliidondoshea Kigoma mabomu zikiiwinda meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ambayo baadaye ikaitwa Liemba.

Hesabu ya umbali ambao taa huonekana kutoka ziwani ni rahisi. Chukua mita za urefu wa taa kutoka usawa wa maji, tafuta kipeuo chake cha pili (namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa urefu huo), kisha zidisha kwa 3.57, unapata kilomita. Taa iliyo mita 50 juu ya ziwa inafika kama kilomita 25. Ongeza 5 za mtazamaji ambaye macho yake yako mita 2 juu ya maji: jumla 30. Ndani ya umbali huo mviringo wa dunia haumkingi mtu. Kinachobaki ni nguvu ya taa na uwazi wa hewa. Mshumaa mtupu usiku wa hewa safi huonekana zaidi ya kilomita 2. Balbu ya kawaida ya sebuleni ina nguvu ya mishumaa mingi, na mvua ikishaosha vumbi la kiangazi, hewa ya ziwani huwa safi sana.

Amri zenyewe, na zinavyotofautiana

Watu huchanganya mambo manne, na mkanganyiko huo huleta ajali, kwa hiyo kila kiongozi wa mtaa atangaze kwa jina kamili. Amri ya kuzima taa maana yake hakuna mwanga wowote unaotoka nje. Ndani unaruhusiwa kuwasha ilimradi usivuje. Amri ya kufifisha taa ni nafuu: mwanga hafifu unaruhusiwa, mkali unakatazwa. Amri ya kutotoka nje, au kafyu, inahusu watu, si taa. Unaweza kuwa na moja bila nyingine. Mgao wa umeme hauhusiani na vita kabisa, nao ndio unaotuponza zaidi: umeme ukikatwa watu huwasha koroboi, tochi za simu na jenereta, wakidhani mji umeshakuwa gizani. Kuzima swichi kuu ya mji si kuficha mji.

Uingereza ilianza kuzima taa tarehe 1 Septemba 1939, siku mbili kabla haijatangaza vita, na haikulegeza mpaka Septemba 1944 ilipohamia kwenye kufifisha. Wakati wa hatari king'ora kililia kwa kupanda na kushuka. Hatari ilipopita kililia kwa sauti moja iliyonyooka. Palikuwa pia na taarifa za rangi zilizopelekwa kwa simu: ya zambarau iliwaambia watu wa bandari na reli, walioruhusiwa kuwa na taa chache za kazi, wazizime sasa, nyekundu ilimaanisha king'ora kilizwe. Utaratibu huo ni mzuri kuigwa, kwa sababu bandari haiwezi kufanya kazi gizani usiku kucha, na ukiilazimisha watu watatumbukia majini.

Madirisha

Vitambaa tulivyo navyo vinatosha. Kaniki ni nzuri, lakini moja haitoshi. Weka mbili, au tatu kama imefuliwa mara nyingi. Kanga na kitenge havifai, hata vikikunjwa, kwa sababu rangi za mwanga kwenye maua yake hupitisha. Nailoni nyeusi ya ujenzi, ile inayotandazwa chini ya zege, inaziba kabisa ila inang'aa, kwa hiyo upande wa ndani iwekee kaniki. Pima kila kitambaa kwa tochi ya simu: ibandike upande wa nyuma, utazame ukiwa chumba cha giza. Ukiona hata vumbi la nukta, ongeza tabaka.

Fremu ya kuchomeka ni bora kuliko pazia. Kwa dirisha la sentimita 120 kwa 120, tengeneza fremu ya 150 kwa 150 ili izidi dirisha sentimita 15 kila upande. Utahitaji ubao wa inchi mbili kwa moja mita 7.5 (vinne vya kuzunguka na kimoja cha katikati kuzuia kulegea), nailoni ya 170 kwa 170, kaniki ya ukubwa huo huo, na ukanda wa blanketi kuukuu wenye upana wa sentimita 5 na urefu wa mita 6. Ukanda huu ndio roho ya kazi. Unabandikwa nyuma ya fremu, pembeni pote, ili fremu ikibanwa ukutani uzibe mabonde ya plasta. Bana kwa vipande vinne vya mbao vinavyozunguka kwenye msumari, viwili kila upande. Jioni unaweka kwa dakika moja, asubuhi unaondoa, na chumba kinapata jua na upepo.

Kama ni lazima utumie pazia, lianzie kwenye boksi la juu lililofunga pande tatu, maana mwanga hupenda kutokea juu ya fimbo ya pazia. Pembeni lizidi dirisha sentimita 15, katikati vipande vipandane sentimita 20, na pindo la chini ulishone kama mfuko mwembamba ulijaze mchanga mkavu. Upepo wa usiku utokao ziwani hulipuliza pazia jepesi, na kila linapoinuka, dirisha linamemeta. Mwanga unaomemeta huvutia jicho kuliko uliotulia.

Kupaka vioo rangi nyeusi hatukushauri kwa nyumba ya kuishi. Rangi hupasuka kwa joto, na mchana wote unakaa gizani ukiwasha taa. Kwenye luva ni vibaya zaidi: vioo havikutani sawasawa, mwanga unapita katikati ya kioo na kioo.

Juu ya ukuta

Hapa ndipo penye kazi. Nyumba isiyo na dari mwanga wake hupanda mpaka kwenye bati, bati linaurudisha, nao unatoka kwa mwanya mrefu ulio juu ya ukuta pande zote. Kwa mtu aliye mtaa wa juu yako, mwanya huo ni mstari wa mwanga unaozunguka nyumba nzima.

Usiuzibe kwa matambara. Mwanya huo ndio unaotoa joto na moshi. Dawa ya kwanza ni kuzuia mwanga usifike juu: tundika nailoni nyeusi au turubai zito kutoka kenchi hadi kenchi juu ya chumba kimoja tu, kile mtakachokaa jioni, na vyumba vingine viwe bila taa kabisa. Nyumba yenye chumba kimoja kilichofunikwa vizuri ni salama kuliko yenye vyumba vitano vilivyofunikwa nusunusu, na gharama yake ni ndogo mara kadhaa.

Kwa vitofali vya matundu, tengeneza mtego wa mwanga. Chukua boksi gumu au plaiwudi. Simamisha kipande cha kwanza mbele ya tundu, mbali na ukuta kwa sentimita 4, kikizidi tundu kwa sentimita 12 kila upande. Yaani kipandane angalau mara tatu ya nafasi uliyoacha. Funga juu na pembeni kushoto, acha chini na kulia wazi, kisha weka kipande cha pili kinachokinga uwazi huo kwa kipimo kile kile. Hewa itapinda mara mbili na kupita. Mwanga utagonga kuta mbili na kufa. Ila ndani pote pawe peusi pasipong'aa. Rangi nyeusi ya aina hiyo hurudisha chini ya sehemu moja ya kumi ya mwanga, kwa hiyo ukigonga mara mbili inabaki chini ya moja ya mia. Rangi ya mafuta inayong'aa inaharibu kila kitu. Masizi ya sufuria yaliyokorogwa kwenye uji mwembamba wa wanga yanafanya kazi vizuri na hayana gharama.

Matobo ya misumari yazibe kwa vipande vya nailoni na lami kutoka juu, mchana. Bati za plastiki za kupitisha mwanga zifunikwe kwa ndani. Nyingi tunazisahau kwa kuwa ziko jikoni au koridoni.

Hewa, na jiko

Nyumba iliyozibwa kuzuia mwanga imezibwa kuzuia hewa pia. Jiko la mkaa ndani ya chumba kama hicho linaua. Hewa yenye sumu inayotoka kwenye makaa, kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi ambao mtu haamki. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi. Pika nje na umalize kabla ya jua kuzama, makaa yafunikwe kwa sufuria au karai lenye mchanga, kwa sababu makaa mekundu nayo huonekana. Jenereta isiingie ndani wala koridoni kwa sababu yoyote ile. Mkisikia kichwa kinauma watu wawili au zaidi kwa wakati mmoja, zimeni taa, fungueni kila kitu, tokeni nje.

Chandarua kibaki. Watu wakihangaikia giza husahau malaria.

Mlango

Nyumba ya familia ikubali sheria moja: taa inazimwa kabla mlango haujafunguliwa. Duka, zahanati, kituo cha polisi na nyumba ya ibada haviwezi kufanya hivyo, kwa hiyo vinahitaji mapazia mawili. La kwanza liwe mlangoni, la pili mita moja na nusu ndani, yote yakifika sakafuni na yakizidi pembeni sentimita 20. Anayeingia aachie la nyuma lijifunge kabla ya kugusa la mbele. Kwa machela mita moja na nusu haitoshi. Zahanati iache mita tatu, la sivyo wabebaji watashika mapazia yote mawili wazi kwa pamoja. Kuta za katikati zipakwe nyeusi.

Taa zenyewe

Shusha taa chini ya usawa wa dirisha, ikiwezekana mezani, na uivike kofia ya bati yenye nafasi ya hewa juu. Balbu ya LED ya wati 3 inatosha watoto kusoma. Taa ya chemli: punguza utambi, na kofia iwe ya bati, karatasi iliyozungushwa kwenye chemni huungua. Karabai isitumike kabisa ndani ya nyumba iliyozibwa, kwa mwanga wake na kwa hewa inayokula.

Kwa chumba ambacho watu wanatoka na kuingia, tumia taa nyekundu hafifu. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na mwanga mweupe wa sekunde chache hulirudisha nyuma. Nyekundu hafifu hailisumbui sana. Nchi nyingi zilitumia taa za buluu kwenye treni na korido wakati wa vita vya pili vya dunia, lakini jicho lililokwisha kuzoea giza huona buluu kirahisi kuliko nyekundu, kwa hiyo kwetu tunapendelea nyekundu.

Taa za sola za ukutani zina mtego wake. Nyingi hujua usiku umefika kwa sababu paneli haipati jua. Ukiifunika kwa gunia ukidhani umeificha, umeiambia ni usiku, nayo inawaka chini ya gunia na kuvuja pembeni. Izime kwa swichi yake, au ing'oe uiingize ndani na kufungua betri. Taa zinazowaka mtu akipita zifanyiwe vivyo hivyo. Popo mmoja anatosha kuziwasha. Baada ya hapo pita ukitafuta nukta ndogo: chaja, kisimbuzi, friji la dukani.

Mtaani

Giza lenyewe linaumiza watu. Uingereza, mwezi wa kwanza wa kuzima taa vifo vya barabarani vilikaribia maradufu ya mwaka uliotangulia, na Februari 1940 ikabidi mwendo wa magari usiku mijini uwekewe kikomo cha kama kilomita 32 kwa saa. Kwetu, penye mitaro mirefu kando ya lami na barabara za vumbi zinazoporomoka kuelekea Kibirizi na bandarini, hata 32 ni nyingi. Fanya hesabu: taa iliyofunikwa inakuonyesha mita 10 mbele. Kwa kilomita 20 kwa saa unatumia mita 8 kabla mguu haujagusa breki, na mita 3 za kusimama, umeshampita mtu. Kwa 15, jumla ni kama mita 8. Kikomo kiwe 15.

Paka chokaa kwenye kingo za mitaro, ngazi, nguzo za umeme na mashina ya miembe, kuanzia chini hadi mita moja. Kilo 10 za chokaa, kilo 3 za chumvi na maji lita 12 hivi, tabaka mbili, la pili la kwanza likikauka. Chumvi ndiyo inayoishika isipukutike. Paka nyuso za wima zinazotazama njia, usipake juu ya ukingo, kwa kuwa uso wa mlalo mweupe huonekana kutoka angani usiku wa mbalamwezi.

Taa ya gari ifunikwe kwa sahani ya bati yenye nyufa za mlalo, kila ufa ukiwa na kikope juu yake ili mwanga uende chini tu, na bampa na kingo za milango zipakwe nyeupe. Bodaboda zina shida ya pekee: pikipiki nyingi mpya taa ya mbele huwaka yenyewe injini ikiwaka, hazina swichi. Fundi akate waya wa balbu na kuweka swichi, kazi ifanyike mchana. Baiskeli ipakwe nyeupe tapakatope ya nyuma. Tochi ya mkononi ivikwe karatasi nyembamba nyeupe tabaka mbili na ielekezwe chini, kama Waingereza walivyotakiwa. King'ora kikilia inazimwa.

Ziwani

Taa za wavuvi wa dagaa ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu ndizo riziki. Mwaka 1942 manowari za Ujerumani zilizamisha meli nyingi pwani ya mashariki ya Marekani kwa msaada wa taa za miji: meli ilionekana nyeusi mbele ya mwanga, na miji mingine ya pwani ilichelewa kufifisha ikihofia biashara. Safu ya taa za dagaa inaweza kufanya hivyo hivyo kwa meli inayoingia Kigoma. Amri ikija, ipangwe na wavuvi wenyewe, kwa eneo na kwa siku. Siku za mbalamwezi wao hupumzika kwa kawaida, maana dagaa hawaifuati taa vizuri, kwa hiyo kufunga siku hizo hakugharimu kitu. Giza la mwezi ndilo la kujadiliana. Na mbalamwezi yenyewe huonyesha ufukwe kama mchana, hakuna kitambaa kitakachoficha ziwa.

Tuseme pia bila kuficha: kombora linaloongozwa na setilaiti halihitaji taa yako, na kamera za joto huona jiko na injini gizani. Hata hivyo miji ya Ukraine ilirudia kuficha mwanga 2022, kwa kuwa si kila rubani na si kila mpiga mizinga ana vifaa hivyo.

Saa na ukaguzi

Ratiba iliyopangwa Dar es Salaam usiifuate dakika kwa dakika. Kigoma iko magharibi sana, na jua huku linazama kama dakika 40 baada ya huko, karibu na saa moja usiku, kisha giza linashuka haraka, ndani ya nusu saa. Fremu ziwe zimewekwa jua linapozama, si baada ya taa kuwashwa.

Mkaguzi akae nje gizani dakika 20 kwanza, bila kutazama simu, kisha azunguke nyumba pande zote nne kwa umbali wa mita 30, na apande mtaa wa juu atazame mapaa. Wawe wawili, mmoja akijulikana na wenyeji. Asipige kelele za "zimeni taa", maana nyumba kumi zitajibu na yenye kosa itabaki. Abishe hodi na ataje mahali: "Hodi hapa! Shangazi, mwanga unatoka juu ya mlango wa uani, upande wa tangi." Shangazi atakwenda moja kwa moja penye tundu. Mkaguzi aandike namba ya nyumba na mahali palipovuja, arudi usiku unaofuata kuangalia pale pale.

Amri ikilegezwa ikawa ya kufifisha, fremu zisipelekwe stoo. Uingereza ya mwisho wa 1944 iliruhusu madirisha yenye mwanga wa kiasi cha mbalamwezi, lakini king'ora kikilia ilibidi kila nyumba irudi gizani papo hapo. Ziegemeze ukutani kando ya dirisha lake, kila moja ikiwa na namba nyuma, zikianikwa juani mara moja kwa wiki ili ukanda wa blanketi usiote ukungu.